Sukari Yangu Kwenye Simu ya Bosi

Kwa miezi kadhaa, kila mtu aliyeingia ofisini kwetu Karatu alijua kiasi cha sukari kilichomo kwenye damu yangu. Fundi wa magari alijua. Dada wa chai alijua. Nadhani hata mama aliyekuwa akituletea mayai alijua. Simu ya bosi ilikaa mezani, uso juu, na namba yangu ilikuwa humo, kubwa, yenye rangi, na mshale pembeni wa kuonyesha kama napanda au nashuka. Nikiingia kuchukua funguo za gari, watu walikuwa wameshanisoma kabla hawajanisalimia.

"Dada, leo uko kumi na mbili," fundi alikuwa akisema huku anafuta mikono kwa tambara. "Ulikula keki ya nani?"

"Ya mkeo," nilikuwa nikimjibu, "na ilikuwa tamu."

Watu walicheka, nami nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Mimi ni dereva wa watalii. Nilizaliwa Qurus, kwenye mahindi na mbaazi, na kisukari kilinikuta nikiwa sekondari, kile cha kujidunga sindano kila siku maisha yote. Majirani walisema nimependa mno pipi. Wengine walimshauri mama asihangaike na ada, maana mtoto mwenyewe hana muda. Mama aliwasikiliza, akawapa uji, wakaondoka, akaenda kuangalia kama mtungi aliokuwa akinihifadhia dawa kwenye kona ya jiko bado una ubaridi. Nilisoma nikamaliza. Nikajifunza udereva, nikajifunza ndege na majani na Kiingereza cha wageni, na siku niliyoshuka na gari langu la kwanza kwenye kreta ya Ngorongoro nilijisemea kwamba hapa hanitoi mtu. Sijabadilisha mawazo.

Kidude kinachopima sukari hiyo, ninachokivaa mkononi, nilikipata kwa mgeni. Mzee mmoja alikuwa anajipaka mafuta ya jua kwenye geti la hifadhi, akapandisha mkono wa shati, nikaona kimeganda nyuma ya mkono wake, cheupe, kama kifungo cha koti. Nilikuwa nimekiona hospitalini kwenye picha tu. Nikamwambia, "Na mimi ni wa sukari." Safari yote iliyobaki tulizungumza habari za sindano, simba tukawapita tu. Aliporudi kwao akaanza kunitumia vya kwangu kupitia kwa wageni wanaokuja huku, na hajaacha mpaka leo.

Kitaalamu kinaitwa kihisi. Kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, hauumi, na kila baada ya dakika chache kinapima sukari na kuirusha kwenye simu yangu kwa blutuuthi, bila waya. Hapo haihitaji mtandao wowote. Simu ikiwa karibu nami, hata porini kabisa, nasoma. Lakini simu nayo inaweza kuirusha mbele zaidi, ikipata mtandao, mpaka kwa mtu ambaye nimemruhusu. Kwa hiyo mkono wangu unaiambia simu yangu, simu yangu inaiambia simu ya mwingine, na mwingine huyo anaweza kuwa Qurus, au Dar, au Ulaya, anajua nimeshuka kabla mimi mwenyewe sijaanza kutoka jasho.

Wa kwanza kumruhusu alikuwa mama. Siku za mwanzo alinipigia mpaka nikachoka. Nikila chapati, simu inalia. Nikipanda mlima kwa miguu na wageni, simu inalia. Halafu jioni moja alinikalisha akaniuliza maswali. Ikipanda hivi maana yake nini? Ikishuka unajisikiaje? Na hii mistari ya kwenye simu inapokatika katikati, umekuwa wapi? Nikamweleza barabara yote, wapi kuna mtandao na wapi hakuna, akawa anaitikia kwa Kiiraqw kama mtu anayeonyeshwa mipaka ya shamba. Tangu siku ile alipiga simu mara chache sana.

Bosi yeye hakuuliza. Alisikia kwa madereva kwamba najidunga, akaniita. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye heshima zake, aliyeanzia na gari moja bovu mpaka akafika hapo alipo, na sina sababu ya kumfanya shetani. Alisema maneno mazuri juu ya usalama wa wageni. Alisema barabara ya kushuka kreta haisamehe. Halafu akasema, "Mama yako anaiona sukari yako kwenye simu. Niweke na mimi niione. La sivyo nitakuwa nakupa kazi za kupeleka wageni uwanja wa ndege tu, na kreta utaisikia kwa wenzako."

Nilikubali. Nilitaka kreta, na hiyo ndiyo ilikuwa bei yake. Sikujua kwamba simu ile itakuwa inakaa mezani uso juu, sukari yangu itangazwe kama matokeo ya mpira.

Na haikuishia kwenye utani. Dada wa chai akaacha kunitilia sukari mpaka achungulie kwanza mezani. Ikitokea nimepanda jioni, asubuhi bosi ananiuliza kama nilikunywa bia, na hao waliokunywa kweli wamesimama pale pale wananuka, wanapewa funguo bila swali. Kuna dereva mwenzetu, mtu wa makamo, mzoefu kuliko sisi wote, ambaye alikuwa akisinzia usukani mchana kweupe. Wageni wameshamlalamikia. Yeye hakuvishwa kitu mkononi.

Siku yenyewe ilianza kwa ukungu, kama kawaida ya kule juu ukingoni. Nilikuwa na wageni wawili, mama na binti yake mtu mzima, watu wapole waliokuwa wanataka kitu kimoja tu, kumwona faru. Nilikuwa nimeshawaambia habari zangu tangu siku ya kwanza, kabla hatujapakia mabegi, maana ndio utaratibu wangu: kidude hiki ni nini, kikilia maana yake nini, na kwamba nikisimamisha gari na kula, msiogope, nafanya kazi yangu. Asubuhi ile walikuwa na haraka, nami nilikuwa nimeshajidunga kwa ajili ya kifungua kinywa nilichokila nusu. Tulipokuwa tunazunguka ukingo kuelekea Seneto, kwenye barabara ya kushukia kretani, kidude kikaanza kulia. Mshale ulikuwa unaangalia chini.

Hili sio jambo la ajabu. Nimelifanya mara nyingi kuliko nilivyobadilisha matairi. Nilisimama kabla ya kuanza kushuka, nikalamba glukosi, nikanywa juisi, nikala biskuti, tukakaa tunawaangalia ng'ombe wa Wamaasai wakiteremka malishoni na kengele zao. Binti akaniuliza bado? Nikasema bado. Mshale ulipolala, kisha ukainuka, nami nikajisikia sawa, nikajipima na kwa kidole kuhakikisha. Ndipo nikatia gia ndogo, tukashuka.

Ila kuna kitu bosi hakukijua. Mtandao ulikuwa umekatika nyuma, tulipoingia bonde la Malanja. Kitu cha mwisho simu yangu ilichofaulu kumpelekea ni namba iliyokuwa inashuka na ule mshale wa chini. Glukosi, juisi, biskuti, mshale ulioinuka, vyote vilibaki kwangu vikisubiri mtandao. Pale Karatu, mezani, nilikuwa mtu anayedondoka, na nikaendelea kudondoka hivyo hivyo asubuhi nzima huku watu wamezunguka meza wananiangalia.

Huku chini sisi tulikuwa tumebahatika kumwona faru. Jike na mtoto wake, mbali kwanza, halafu wakawa wanakuja taratibu kuelekea barabarani. Dereva yeyote wa kreta anajua la kufanya hapo. Unazima injini, unapunguza redio ya kuwasiliana na madereva wenzako mpaka isisikike, unakaa kimya. Faru wa kule ni mwoga wa kelele, na akikasirika ndio imetoka. Nilizima, nikapunguza, na wale wageni walikuwa hata kupumua wanapumua kwa zamu.

Kwa hiyo bosi alipopiga simu, sikupatikana kwa kukosa mtandao. Alipowaomba askari wa hifadhi wanitafute, na askari wakatangaza kwenye redio kwamba dereva wa gari la rangi fulani ni mgonjwa, amepoteza fahamu, aliyemwona aseme, mimi sikusikia. Nikaitwa, sikuitikia. Basi ndio ikathibitika.

Mwenzetu mmoja akasema redioni ameniona upande wa ziwa Magadi, lile la humo kretani, nimesimama, sisogei. Akageuza gari kuja. Aliyekuwa nyuma yake naye akageuza. Sasa kreta ina tabia yake: ukiona magari mawili yanakimbia kwenda upande mmoja, huulizi, unakimbiza na la kwako, kwa sababu lazima kuna kitu, na ukichelewa wageni wako wataona matako ya magari ya wenzako. Walioisikia redio walikuja kuniokoa. Wasioisikia walikuja kwa sababu wenzao wanakuja. Nilisikia mngurumo, nikageuka, nikaona vumbi limefunika barabara na vichwa vya Wazungu vimejitokeza juu ya mapaa, kila mmoja na kamera.

Faru akainua mkia, akamsukuma mwanawe mbele, wakaondoka mbio kwenye nyasi. Hawakurudi tena siku ile.

Magari yalinizunguka pande zote. Binti alikuwa bado amesimama kwenye paa, ameduwaa. "Wote hawa wamekuja kumwona faru?" akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Wamekuja kuniona mimi."

Yule mwenzetu mzoefu, msinziaji, ndiye aliyefika wa kwanza, na hakuwa amesinzia safari hii. Alisogeza gari lake mpaka vioo vikakaribia kugusana, akanyoosha chupa ya soda dirishani. "Kunywa, mdogo wangu. Kunywa upesi." Upande wa pili mwingine ananyoosha asali. Mwingine biskuti. Sukari yangu ilikuwa saba wakati ule, nzuri kuliko ya wengi waliokuwepo, na kama ningepokea vyote nilivyopewa kwa upendo ningelazwa siku hiyo hiyo. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga mtu. Walikuwa wamekuja kwa roho safi, hiyo ndiyo iliyoniuma, kwamba hata hasira yangu haikuwa na wa kumwangukia pale.

Gari la askari likafika. Akateremsha kioo kijana wa Kimaasai, mtulivu, akaniita yeyo, kama wanavyowaita mama zao.

"Yeyo, sogea kiti cha pili. Dereva mwingine atakupandisha juu."

"Kwa sababu gani?"

"Tumeambiwa unaumwa."

"Nani amekuambia? Mimi nimekuambia?"

Nikamwonyesha simu, namba, mshale uliolala. Nikamwambia kama kuna dereva hapa anayejua afya yake ya sasa hivi kuliko mimi ninavyoijua yangu, ainue mkono, nitampa usukani. Hakuinua mtu. Mwenye soda alirudisha chupa yake ndani.

"Mimi nina amri," askari akasema, lakini kwa upole.

"Basi nifuate nyuma. Ukiona gari linayumba, nisimamishe. Wageni wangu wana siku nzima, na mmewafukuzia faru wao."

Akanifuata kweli. Nilimzungusha kreta nzima. Nilimpeleka msitu wa Lerai kwenye tembo, nikampeleka kwenye viboko, tulipokula chakula cha mchana alikula na yeye pembeni, na mama wa yule binti akampa ndizi. Redio niliifungua mpaka mwisho. Kila aliyeuliza, "Yule dada vipi?" nilimjibu mwenyewe, kwa sauti yangu, kwamba yule dada yuko kwenye sharubu wawili chini ya kilima, njooni. Sharubu ndio jina letu la simba, wageni wasielewe tunachosema. Walikuja. Safari hii walikuja kwa ajili ya simba.

Tulipopanda na kutokea juu ukingoni, mtandao ulirudi, na simu yangu ikamwaga kwa mkupuo kila kitu ilichokuwa imekitunza tangu asubuhi. Mstari uliokatika ukajijaza wenyewe, kushuka, kuinuka, kisha kwenda sawa mpaka jioni. Wa kwanza kupiga alikuwa mama.

"Saita," alinisalimu kwa Kiiraqw, kama siku zote. "Bosi wako amenipigia analia kwamba umekufa."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mstari umekatikia Malanja, hapo huwa unakatika. Nikamwambia mwanangu akishuka anakula. Hakunisikia. Wewe umekula?"

"Nimekula."

"Haya." Akakata. Alikuwa na mbuzi wa kufunga.

Bosi alikuwa amesimama uani nilipoingia, amezungukwa na wote, fundi, dada wa chai, madereva waliotangulia. Alisubiri wageni wangu waagane nami. Mama yule alinikumbatia, nadhani kwa makusudi, ili waone. Halafu bosi akanyoosha mkono, anataka funguo.

"Nimekaa na presha leo tangu asubuhi," alisema. "Siwezi kuishi hivi. Wageni wakisikia habari hii, nimekwisha."

"Fungua simu yako," nikamwambia. "Sasa hivi imejaa. Soma."

Alisoma. Namsifu kwa hilo, alisoma yote, anapandisha na kushusha miwani. Aliona pale niliposhuka, na pale nilipoinuka, na kwamba muda ule anawapigia askari mimi nilikuwa nimekwisha kula zamani.

"Na siku utakayoshuka kweli?"

"Leo nilishuka kweli, bosi. Ndio hivyo inavyokuwa. Nasimamisha gari, nakula, nasubiri, naendelea. Hujaona kitu kwa sababu hakuna cha kuona."

Hakupenda nilivyomjibu mbele za watu. Akasema kuanzia kesho nitakuwa namjulisha kwa simu kabla ya kushuka na baada ya kupanda, na nisipofanya hivyo, kreta basi. Nikatoa simu yangu, nikaingia pale palipoandikwa majina ya wanaoniona. Yalikuwa mawili. Nikaliondoa la kwake nikiwa nimemsimamia mbele, nikageuza kioo akaona kwamba limetoka. Kwenye simu yake namba yangu ilifutika.

"Hii ni damu yangu," nikasema. "Mama yangu anaiona kwa sababu aliomba nimfundishe. Wewe uliiona kwa sababu ulinishika pabaya. Sasa huioni."

Bosi akachukua funguo, akageuka, akaingia ndani.

Miezi iliyofuata niliendesha wageni kwenda na kutoka uwanja wa ndege. Mara mojamoja nilitumwa hadi geti la kreta nikiwa sina ruhusa ya kuingia, nikawaona wenzangu wamepanga foleni kwenye ukungu, nikawapungia mkono. Iliniuma, sitadanganya. Kuna siku nilisimamisha gari kando ya barabara nikalia kama mtoto, na sukari ikapanda kwa ule uchungu, na mama peke yake ndiye aliyeona, na hakupiga. Dada wa chai alinishauri nimrudishe tu bosi kwenye simu, ni namba tu, itakupunguzia nini? Nikamwambia aanze yeye kumwonyesha bosi za kwake. Fundi aliacha utani wa keki. Nilikataa kumrudisha. Kila alipopeleka mtu kuniuliza, nilikataa.

Halafu msimu wa wageni ukafika, magari yakawa mengi kuliko madereva, na yule mwenzetu msinziaji akagonga nguzo ya lodge mchana wa jua kali, akiwa hana wageni, ashukuru Mungu. Jioni ile bosi akanitumia ujumbe mfupi: kesho kreta, watu wanne, saa kumi na mbili. Hakutaja simu.

Asubuhi nilimkuta uani, funguo ziko mkononi mwake, wote wapo. Nikanyoosha mkono. Alizishika kidogo kabla hajaziachia, na kwa mara ya kwanza tangu anifahamu, akaniuliza kwa mdomo wake.

"Sukari yako leo ikoje?"

"Nzuri," nikamwambia. "Na yako?"

Akaangalia wale watu, akaangalia tumbo lake, akaniangalia mimi.

"Sijawahi kupima," alisema.

Nikachukua funguo, nikaenda kuwasha gari.